Futi, Kopo la Sukari na Damu ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Kliniki inachunguza sukari na vinasaba vya ndugu wa tumbo moja waliozaliwa na mzazi mwenye kisukari. Marehemu baba alikuwa nacho. Dada kanijazia fomu bila kuniuliza! Mke wangu kasema majibu yakiwa mabaya, kopo la sukari linahamia kwa mama. Mimi ni mtu wa vijiko vitano. Nitaishije?

Jumanne, 4 Machi
Nimelegeza suruali ya kijivu inchi mbili kiunoni. Ya tatu mwaka huu. Raha ya kuwa fundi cherehani: hakuna anayejua. Nikiwa katikati ya mshono, wazo likanijia! Shemeji, kaka wa mke wangu, ni mwembamba kama uzi. Nimemwahidi suti ya bure aende kliniki na kadi yangu, apimwe badala yangu. Amekubali kabla sijamaliza kusema.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji katoa damu kwa jina langu. Anasema muuguzi kausifu mshipa wake. Nimeona wivu kidogo. Vijiko sita leo, kwa kushangilia.

Ijumaa, 21 Machi
Majibu! Sukari "yangu" iko juu. Juu sana! Uzi mzima ule! Nikauliza kama hata mtu mwembamba huugua; mtaalamu kaeleza kwamba wembamba si kinga, kila mtu ana vinasaba vyake. Kisha akakohoa kidogo, akasema kwa upole kwamba damu yangu na ya dada hazina undugu wowote.
Mama alikuwa kakaa katikati yetu. Akavua miwani. Akasema amezaa wawili kwa mume mmoja, na mwenye neno asimame aliseme. Dada akaanza kulia, akiuliza basi kati yetu nani aliokotwa.
Nilitaka kunyamaza. Naapa nilitaka. Lakini mama alinigeukia, akisubiri nimtetee, nikaona aibu ya kweli. Nikasema yote.

Jumamosi, 22 Machi
Mama haongei nami. Kamtuma dada aje aniambie kwamba haongei nami, na kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Shemeji kaanza dawa na ananishukuru. Bila mimi asingejua. Suti yake ameikumbuka pia. Nimetoa damu upya, safari hii dada kanishika mkono kama mwizi.

Jumatatu, 7 Aprili
Undugu upo! Mama kanisamehe, nusu. Hatari za baba nimerithi karibu zote. Dada hakupata hata nusu ya hizo, na amelisema hilo mara nne njiani. Sukari yangu imepanda ila haijawa ugonjwa. Mtaalamu kasema kurithi hatari si kurithi ugonjwa: nipunguze sukari, nitembee, nipunguze kiuno, huenda nikaukwepa kabisa. Nilimkumbuka baba, machozi yakanilenga. Nikaahidi mbele ya wote.
Kopo limehamia kwa mama. Mke wangu kanipima kiuno leo, na atanipima tena kila Jumapili, kwa futi yangu mwenyewe ya kupimia nguo.

Jumanne, 8 Aprili
Nimelala nikiliwaza jambo hili, nikaamka na jibu. Nimeikata futi katikati na kuunga kipande cha inchi tatu kisicho na namba. Mshono hauonekani! Jumapili nitakuwa nimepungua inchi tatu bila kutembea hata hatua moja. Mama atafurahi, huenda kopo likarudi.
Sasa kazi. Mchana huu naanza kupima na kukata suti ya shemeji. Futi ninayo hiyo moja tu.