Kaburi la Nyuma ya Bafu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mzee Kuria, mwenye nyumba wetu, anauza ploti! Ametangaza mlangoni pa chumba changu cha kinyozi, nikiwa na kichwa cha mteja mkononi. Mwezi ukiisha tuhame sote. Chumba namba nne nalala, namba tano nanyoa. Nje ya hapo sina kitu Kericho. Wazazi wetu walikuja kuchuma chai wakaanzisha mtaa huu wa mabati. Sasa ng'ambo kuna ghorofa lenye lifti na duka la kahawa. Kahawa! Kericho! Nimemuuliza Mzee tutaenda wapi. Akasema dunia ni pana, kinyozi. Pana kwa nani?

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Nani hununua ploti yenye kaburi? Mvua ya mchana ilipowafungia wote ndani, nimechimba nyuma ya bafu, nikafukia, nikapanda nyasi juu ili lionekane la zamani. Msalaba ni ubao wa kitanda changu. Nimeandika: Baba Mdogo Obure, 1998. Sina baba mdogo anayeitwa Obure. Hiyo ndiyo akili.

Alhamisi, 6 Machi
Mnunuzi amekuja. Madam Jennifer, miwani kama vifuniko vya sufuria. Kuona msalaba, amerudi kinyumenyume hadi ndani ya beseni la dagaa wa omena la Wilkista, jirani yangu. Amesema hanunui maiti. Ushindi! Mzee Kuria ameapa hajawahi kuona kaburi pale. Nimemwambia kwa upole kwamba uzee una mambo.
Kisha Wilkista, kwa sauti ya sokoni: tangu lini Mjaluo akazikwa kwenye nyumba ya kupanga? Nyuma ya bafu? Kwani Obure hakuwa na kwao?
Hilo sikulifikiria. Sisi Wajaluo, mtu hurudishwa kuzikwa nyumbani hata kwa mkokoteni.

Ijumaa, 7 Machi
Jackton, mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa nyumbani, amefika na wazee. Wamelia kwanza, wakanigombeza baadaye. Eti nimeaibisha ukoo. Kesho Obure anafukuliwa na kusafirishwa. Jeneza lipo, gari lipo. Mama amepiga simu kutoka nyumbani: kaburi limechimbwa, ng'ombe amechaguliwa, lakini huyu Obure ni mtoto wa nani? Nimesema mtandao unakatika.

Jumamosi, 8 Machi
Wamefukua. Watu wa ghorofani wametazama kutoka roshani, vikombe vya kahawa mkononi. Shimo limefika kiunoni, hakuna mtu. Kifuani, hakuna mtu. Jackton ameniuliza baba mdogo ameenda wapi. Nimesema labda alifufuka. Hakuna aliyecheka. Wilkista amesema basi nilale mimi kwenye jeneza, gari lisirudi bure.
Madam Jennifer, aliyerudi kushuhudia, amechungulia shimoni, akatabasamu, akatia saini mkataba wa kununua ploti juu ya boneti ya gari lake. Kisha akanishukuru! Hapo hapo, amesema, ndipo alipotaka shimo la maji taka.

Jumatano, 2 Aprili
Nimehamia Sotik. Chumba cha mabati, banda la kinyozi mlangoni, majirani wapole. Leo mwenye ploti amekuja na kijana mwenye utepe wa kupimia. Nawajua watu wa utepe!
Nimeketi nikalichunguza kosa langu la Kericho hatua kwa hatua. Nimelipata. Kaburi la udongo mtupu halina heshima, kila mwenye jembe hulifukua.
Kesho naenda kuulizia vigae.