Pacha Mwenye Alama A

Jumatatu, 4 Machi
Nimeipatia dawa ile D yangu ya hisabati! Nataka shahada ya uzamili ya uchumi, na chuoni wanaanza kwa kuangalia alama za hisabati. Yangu inatia aibu. Karani wa udahili kaniambia mwenye D haitwi usaili, labda awe na sababu nzito. Basi nimemtungia. Nimeandika kwamba wiki ya mtihani nilifiwa na pacha wangu. Sina pacha. Sina hata kaka! Nimejiliza mwenyewe nikiandika.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeitwa usaili! Kurudi nyumbani, mama kapakua sahani tatu. Tunaishi wawili. Nikauliza ya tatu ya nani. Akasema nisimletee mzaha, ndugu yangu akirudi atakula nini? Nilipotoka kunawa, sahani ile ilikuwa tupu. Tena imeoshwa. Mimi sijawahi kuosha sahani humu ndani.

Ijumaa, 8 Machi
Usaili. Karani akashangaa kuniona: si nimetoka sasa hivi? Kisha akacheka, kumbe yule alikuwa kaka. Kaleta cheti chake, naye anaomba nafasi hiyohiyo. Hisabati A. Takwimu A. Tena anasalimia watu. Nikakigusa kiti alichokalia. Baridi kama sakafu ya bafuni. Wivu ukanishika. Marehemu ananipita takwimu!

Jumapili, 10 Machi
Mama sasa ananiita Doto, pacha wa pili. Yule kaka ndiye Kurwa, mkubwa, wa kuigwa. Picha ya mahafali yangu ukutani ina watu wawili wenye majoho. Aliyefumba macho ni mimi. Chumbani kwangu kuna mtu anapiga hesabu kwa sauti yangu, na anapata. Naogopa sana. Nikamwomba kupitia mlangoni aniachie nafasi, nimeihangaikia. Akajibu kwa upole kwamba nafasi ni moja, na alama ndizo zitakazosema. Nimehamia sebuleni.

Jumanne, 12 Machi
Kachukuliwa yeye. Mama analia kwa furaha. Mimi nimekoma! Pacha, sitamtunga tena kamwe. Ndugu wa rika moja ni mshindani, ningelijua hilo mapema. Kwa hiyo shule ya biashara, ambayo nayo imeuliza habari za D, nimeiandikia kwamba nilifiwa na mjomba. Mzee sana, hajui kusoma. Mama ni mtoto pekee kwao, kwa hiyo hakuna hatari.
Kuna mtu anapiga hodi. Mama ananiita kwa shangwe, Doto, njoo umpokee mjomba mizigo.