Ugeni Wangu Urudishwe

Usharika wa Nordvik,
Nje kidogo ya mji wa Harlow,
Dakota Kaskazini.

Kwa Baba Askofu wa Dayosisi,

YAH: KUNYANG'ANYWA UGENI BILA KUSIKILIZWA

Baba Askofu, salamu katika Bwana.

Kwa moyo mzito nakuarifu kwamba Jumapili iliyopita, baada ya ibada hapa Nordvik, nilitoka kanisani mikono mitupu. Sikupewa pai. Jambo hili halijapata kutokea tangu nianze kusali hapa kama mgeni, miaka tisa sasa, na naamini linaihusu dayosisi nzima.

Najua mezani kwako kuna shauri jingine la Nordvik. Tangu Mzee Lloyd afariki, baraza la wazee limebaki na watu watano badala ya sita, nawe umeandika kwamba asipopatikana msharika wa kuishika nafasi hiyo kabla ya Pasaka, kanisa litafungwa na watu watahamishiwa mjini, kwenye lile kanisa kubwa lenye skrini ukutani. Hayo ni yao. Mimi ni mgeni, siingilii. Nalitaja tu kwa sababu tangu barua yako isomwe, kila mtu ananitazama mimi. Na kwa kuwa washarika wote hukaa benchi za nyuma na mgeni hubakiziwa la mbele, natazamwa kisogoni ibada nzima.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Pai. Utaratibu wetu (samahani, wao) unajulikana. Mchungaji Maren huuliza kama leo kuna wageni. Mgeni husimama, hutaja jina na atokako, na wakati wa kutoka Mama Ardis Bjugstad humkabidhi pai ya matofaa kutoka kwenye friza ya kanisa. Kwa miaka tisa nimesimama kila Jumapili, nikasema, "Verlyn Dietz, kutoka Nebraska," kisha nikala pai yangu kwa shukrani. Jumapili iliyopita nilisimama kama kawaida. Mama Ardis akasema, na hakunong'ona, "Hebu keti, Verlyn! Unatuziba tusione namba za nyimbo." Watu wakacheka. Hawa ni Walutheri wa Dakota, Baba Askofu, hawakucheka hata siku mbuzi alipoingia wakati wa mahubiri. Mchungaji, ambaye ana makanisa mengine mawili ya kukimbilia kabla ya chakula cha mchana, hakunitetea. Alitangaza wimbo.

2. Kwa desturi za hapa, mimi siwezi kuwa mwenyeji hata nikitaka. Mzee Orrin Tveit alikuja akiwa kijana, akaoa hapa, akalima hapa, akamzika mkewe hapa, na mpaka leo wanamwita "yule wa Iowa". Akinunua misumari, utasikia dukani, "Yule wa Iowa anajenga nini tena?" Ikiwa maisha mazima hayakumtosha Orrin, mimi nimepandishwa cheo kwa vigezo gani? Nilimuuliza mwenyewe. Akanijibu, "Mimi nilitaka sana kuwa wao, ndiyo maana wakaninyima. Wewe unakataa, ndiyo maana wanakung'ang'ania. Ndivyo walivyo, bwana. Kunywa kahawa yako."

3. Siku za chakula cha pamoja, mgeni hutangulia kwenye foleni, akachagua viazi vya kuokwa na nyama kabla vijiko vya wengine havijaivuruga sehemu ya juu iliyokauka vizuri. Mwezi uliopita nilipotangulia, nilivalishwa aproni. Nikasema mgeni haoshi vyombo. Mama Ardis akaniuliza, "Mgeni gani anayejua sufuria ya kahawa inafichwa wapi ili watu wa harusi wasiichukue?" Nilimweleza kwamba mgeni mwenye macho hujifunza mengi. Akanipa sponji.

4. Tanuri la kupashia kanisa joto haliwaki mpaka lipigwe teke upande wa kushoto, chini ya bomba, na si kwa hasira. Asubuhi za baridi kali simu inayolia kwanza ni yangu. Nimewafundisha wengine mahali pa kupiga. Wanapiga kwa hasira.

5. Wameliombea goti langu. Hadharani, kwa jina, na wakataja kuwa ni la kulia. Sikuomba kuombewa. Mgeni huombewa safari njema tu. Goti limepona, jambo linalonitatiza zaidi, kwa sababu sasa siwezi kulilalamikia bila kuonekana sina shukrani.

6. Mwezi Januari nilipewa kubeba jeneza la Lloyd. Lloyd ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia, siku ile barabara ilipozibwa na theluji nikaingia humu kuota moto tu, "Kaa popote, hakuna anayeuma." Nilipomuuliza Mama Ardis kwa nini nibebe mimi na si ndugu, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Aliagiza ubebe wewe," akasema. "Shika upande wa kichwa, hapo ndipo pazito." Nilishika. Na kama mtu amekuandikia kwamba nililia, nathibitisha, lakini nililia kama mgeni.

Sasa, Baba Askofu, naomba unisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye mzizi wa mambo.

Naomba uandike rasmi kwamba mimi ni mgeni wa kudumu wa Nordvik. Lakini nimekaa na kulitafakari ombi hilo kwa siku kadhaa nikaona lina kasoro. Ukilifunga kanisa, nitakuwa mgeni wa nani? Mtu hawezi kuwa mgeni mbele ya mlango uliopigiwa mbao. Huko mjini nimewahi kwenda. Kijana mmoja alinipa karatasi yenye ramani ya jengo, akaniambia "karibu" huku akimtazama mtu aliye nyuma yangu, na hakuna aliyeniambia niketi. Ningeweza kusimama humo mpaka leo.

Kwa hiyo naomba kwanza kanisa hili liachwe wazi, ili niendelee kukataa kujiunga nalo. Na kwa kuwa haliwezi kuachwa wazi bila mtu wa sita barazani, naomba dayosisi itafute mtu huyo. Awe anaishi karibu. Awe anaelewana na tanuri. Awe amezoeleka kwa Mama Ardis, maana mgeni kabisa hatadumu wiki. Nimewafikiria wote wa upande huu wa mto, na bado sijampata wa kukupendekezea.

Nifikishie salamu kwa mama askofu nyumbani, kwa karani wako, kwa dereva, na kwa yeyote ambaye kazi yake ni kuzisoma barua hizi kabla yako. Najua ni kazi ya uvumilivu. Orrin anakusalimu. Mama Ardis pia, ingawa hajui kama nimekuandikia.

Nabaki, kwa heshima zote na kwa muda wote nitakaoruhusiwa,

Verlyn Dietz
Mgeni

Nyongeza, Jumapili jioni: Stempu nilikwisha kuibandika, kwa hiyo barua inakuja kama ilivyo. Leo asubuhi nimepokewa kuwa msharika. Orrin alinisukuma kidogo mgongoni, lakini miguu iliyokwenda mbele ilikuwa yangu. Wakati wa kahawa baraza likakutana, likiwa limetimia, likachagua mwenyekiti. Mwenyekiti anakuomba ulifute shauri la kufunga kanisa, na yote yaliyoandikwa hapo juu uyachukulie kuwa hayakuandikwa.

Mwenyekiti ni mimi. Nilichaguliwa nikiwa chooni.