Ombi la Kurudishiwa Kompyuta Kongwe ya Duka la Dobi

Kwa Mpwa Wangu, Mtaalamu wa Kompyuta,

Pokea salamu nyingi na hasira kidogo. Mjomba wako sijambo. Anayeumwa ni duka. Tangu uing'oe kompyuta ya zamani na kuniwekea hii mpya, nina malalamiko yafuatayo:

1. Ya zamani ilichelewa kuwaka, na kuchelewa kwake kulikuwa na faida. Wateja walikaa kwenye benchi, wakapiga soga, wakazoeana. Muuza maua na mchonga funguo walichumbiana wakisubiri risiti. Hii mpya inamaliza kabla mtu hajakaa. Kwa mwendo huu, hapa haoi mtu tena.

2. Ya zamani ilikuwa salama. Fundi pekee aliyeielewa alistaafu, akaenda kufuga nyuki, na simu hapokei. Sasa mwizi angeanzia wapi? Hata mimi ilinikubali baada ya kofi la ubavuni. Ni kweli, iligoma siku moja nguo zisijulikane za nani, na bwana harusi akafunga ndoa na suruali ya kuazima. Lakini ndoa si ipo?

3. Hii mpya ina domo. Nguo zikiwa tayari, inatuma ujumbe yenyewe. Juzi ilimwandikia mke wa mwalimu, maana namba tuliyonayo ni yake: "Gauni moja jekundu liko tayari." Mama wa watu hana gauni jekundu! Alikuja mbiombio, akapiga kaunta: "Gauni la nani hilo?"

Nikamwambia, "Dada yangu, mimi nafua tu."

Akamwita mumewe. Akaja jasho linamtiririka, akasema kwa sauti ya chini, "Ni lako, mke wangu. Nilitaka kukushtukiza."

Mama akalia, akalivaa palepale, wakaondoka wameshikana mikono. Lakini siri ya mwanamume wa watu imekwenda na maji! Ya zamani isingesema neno, hata gauni lingepotea.

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Wewe umeitupa stoo pamoja na ndoo. Nakuomba kwa heshima zote uje uirudishe.

Nisalimie mama yako, watoto, na yule jirani yenu asiyeitikia salamu.

Ni mimi mjomba wako, niliyechoshwa na maendeleo,
Dobi

Nilisahau: usije Alhamisi. Siku hizi tunafunga mapema, nakwenda kukaa na bibi yako. Zamani nilimwona akiugua tu; sasa ananilalamikia kwamba namaliza sukari yake. Jumanne na Ijumaa vilevile sipo. Ukija siku nyingine, njoo tule, hii kompyuta mpya usiiguse.