Chupa za Jirani Noske

Jumatatu, 4 Machi
Joto limepanda tena, hata nzi wamechoka. Jumamosi ni shindano la divai la klabu yetu ya matufe, ule mchezo wa kuviringisha mipira nyasini. Kila mwanachama analeta chupa ya divai nyekundu isiyozidi dola kumi na tano, inavikwa mfuko wa karatasi, watu wanaonja bila kujua ni ya nani, kisha wanapiga kura. Mshindi ndiye anayechagua divai itakayouzwa baa ya klabu mwaka mzima. Na miaka yote hii mshindi ni nani? Clive Noske, jirani yangu. Nakunywa chaguo la Noske, na kulilipia nalilipia mimi! Leo kasimama upande wake wa ua anamwagilia nyanya. Nyanya zenyewe kama ngumi. Mtu mwenye nyanya vile anataka nini tena duniani?

Jumanne, 5 Machi
Glenys, mke wangu na mwanachama mwenzangu klabuni, kanimiminia divai ya jioni kutoka jagi la kioo la marehemu mama, kama kawaida yake. Yeye ndiye mnunuzi, na msimamo wangu anaujua: nyumbani kwangu, chini ya dola thelathini sinywi. Nimeonja. Chachu, nzito, haina furaha. Nikasema saa hizi Noske lazima anakunywa kitu cha maana. Glenys akaniambia ninywe tu, nyama ya kondoo inapoa. Nikala kwa wivu, macho kwenye dirisha la Noske.

Jumatano, 6 Machi
Siku ya kutoa mapipa barabarani. Nimepata akili! Mtu anaweza kuficha divai yake kabatini, lakini chupa tupu atazificha wapi? Noske alipoingia kuoga nikafunua pipa lake, lile la mfuniko wa njano, la chupa na makopo. Chupa tele, zote za aina moja: picha ya kasuku wa rangi ya waridi, mchanganyiko wa zabibu aina ya shiraz na grenache na mataro kidogo, zote za hapa hapa kando ya mto wetu. Kumbe ndio uchawi wake! Bi Daphne Ockenden, katibu wa klabu, akapita na mbwa wake, akauliza natafuta nini mle. Nikasema nimepoteza miwani. Akaniambia nimeivaa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimenunua chupa mbili za kasuku. Dola tisa kila moja! Moja nimeionja bandani, kati ya mashine ya kukata nyasi na makopo ya rangi, Glenys asijue. Jamani! Plamu zilizoiva, pilipili manga kwa mbali, inateremka yenyewe. Noske anaishi hivi kila siku kwa dola tisa, na mimi nanyweshwa huzuni ya dola thelathini. Jioni nikaletewa tena ile ya jagi. Sikuweza kuimaliza. Glenys kauliza kama naumwa.

Ijumaa, 8 Machi
Usingizi umekuwa wa mashaka. Kama Noske ataleta kasuku na mimi kasuku, tutatoka sare. Sare na Noske! Yangu lazima izidi. Nimefungua ile chupa ya pili, nimepunguza kikombe, nikajaza divai tamu ya Krismasi na maji ya plamu za kopo. Nikatikisa vizuri. Sikuonja. Nilijiamini.

Jumamosi, 9 Machi
Siwezi kuandika mengi. Mfuko wangu ulikuwa namba nne. Nikaupa kumi juu ya kumi. Namba saba ulimi uliitambua mara moja: kasuku halisi, tamu kuliko hata ya bandani. Ya Noske, basi. Nikaipa moja.

Namba saba ikashinda. Namba nne ikawa ya mwisho, na kuna aliyeuliza nani kaleta dawa ya kikohozi. Mifuko ikavuliwa, kasuku huku, kasuku kule. Nikasimama nikamwambia Noske mbele ya ukumbi mzima kwamba siri yake naijua, chupa zake nimeziona pipani.

Noske akashusha glasi yake taratibu. Yake ilikuwa namba mbili.

"Zile si zangu, Lindsay. Za mkeo. Kila wiki ananiomba nafasi kidogo pipani."

Na Glenys huyo anakwenda mbele kupokea ushindi! Namba saba ilikuwa yake. Akanigeukia, wala hakukasirika.

"Ndiyo hiyo ya kwenye jagi, mume wangu. Unainywa mwaka wa pili huu. Wewe ukiona bei ndogo unakunja uso kabla hujaonja, nikaona nikusitiri."

Watu walicheka hadi Bi Daphne akaketi chini.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari kutwa. Noske nimemwonea, ameniletea nyanya, nami nimezipokea. Kwa Glenys simu haikomi, pongezi tu, mchaguzi wa divai ya klabu! Nimekuwa mume wa mshindi. Inauma.

Nimemwambia jagi basi, kuanzia leo animiminie kutoka chupani nikiangalia. Akakubali. Kafungua chupa mpya ya kasuku mbele ya macho yangu, kanijazia glasi, kanitazama.

Nimeonja. Chachu, nzito, haina furaha.

Mimi si mtoto. Ile nzuri ameificha mahali. Kesho akienda kwa msusi, naanza na kabati la nguo.