Antena Nane Sebuleni Kwangu

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimefundisha chuo kikuu! Haya, sijafundisha. Nilimfungulia mlango mjukuu wangu anayesoma huko, akaingia na vyombo vyake. Ila nilifungua vizuri.

Anapima mawimbi ya redio. Antena nne dirishani zinarusha, nne mlangoni zinapokea. Zinapayuka zote kwa pamoja, kama shangazi zake wakikutana. Nikauliza nani anamsikia nani. Akasema ndiyo kazi yenyewe hiyo, Babu: kompyuta inakisia mawimbi yatapitaje, kisha mashine inapima kama imekisia sawa. Amechukua vipimo vya kila kitu sebuleni: kabati la chuma, mabati, fremu tano za baiskeli. Mashine itapima yenyewe, yeye atasoma namba akiwa chuoni. Ijumaa anamkabidhi mwalimu. Akikosa, anarudia mwaka. Amri ni moja: nisiingie humo.

Fundi redio wa jirani akachungulia, akasema sebule yangu ni jalala lenye paa. Mbele ya mjukuu!

Jumanne, 5 Machi
Nimefikiri. Wimbi likigonga bati si linaumia? Lipewe nafasi! Nimetoa vyuma vyote uani. Kabati nililisukuma kwa makalio, nusu saa. Nimefagia. Antena sikuzigusa, mimi si mjinga. Nilizipangusa tu.

Jumatano, 6 Machi
Mjukuu amepiga simu. Namba zimeharibika tangu jana. Antena zote nne zinasikia karibu kitu kilekile, kompyuta haijui ipi imesema nini. Nikauliza, kama mtu asiye na habari, je, vyuma huwa vinasumbua? Akasema wapi, Babu, vyuma ndivyo vinavyosaidia! Kila wimbi linagonga chuma chake na kufika kwa njia yake, ndiyo maana yanatofautika. Chumba kikiwa kitupu yote yanapita njia moja.

Nikanywa maji. Nikasema labda ni yule fundi na mitambo yake.

Akampigia simu azime mitambo. Maskini fundi kazima karakana kutwa, kakaa nje juu ya ndoo, ananitazama. Nikampungia mkono. Kisha nikaingia sebuleni kidogo, kuhakikisha mashine haijalala.

Alhamisi, 7 Machi
Mjukuu kaja mwenyewe. Hata shikamoo hakuna! Kaweka mchoro mezani: jana saa nne na dakika kumi usiku, kitu kikubwa kimeingia mlangoni, kimezunguka antena, kimekaa dakika ishirini. Nikasema paka. Akauliza paka gani ana kitambi, Babu?

Nikakiri yote, mpaka ya fundi. Akakaa chini sakafuni, akasema kesho asubuhi, Babu. Basi. Bora angefoka.

Vipimo vya mahali pa kila kitu anavyo daftarini. Lakini kabati lile kulirudisha juu ya kizingiti kunataka wanaume wawili. Ikabidi niende kwa fundi. Akakubali kwa sharti moja: nitamke kwamba sebule yangu ni jalala. Nikatamka kwa chini. Akasema masikio yake yamezeeka, nirudie. Nilirudia mara tatu, hayawani yule.

Adhuhuri kila kitu kilikuwa mahali pake. Mjukuu akaanza kupima upya. Kisha, kwa kuwa nimeshajiingiza, akanisimamisha katikati ya antena saa mbili nzima, aone mwili mmoja unaziba njia ngapi. Nisijikune, nisiongee. Kutoongea ndiko kulikoniumiza.

Ijumaa, 8 Machi
Amepita! Alichokisia na alichopima vimefuatana kama mapacha. Mwalimu kapenda zaidi sehemu ya ripoti inayohusu mwili wangu. Nikauliza kama jina langu limo. Limo, kwa namna yake: nimeandikwa "kizuizi kinachotembea". Nimemwomba fundi asome kwa sauti. Kacheka mpaka kashika ukuta, na sasa anatangaza mtaani kwamba kabati alilibeba peke yake.

Nimefikiri tena. Antena zilijua nimekaa dakika ishirini, na hakuna aliyekuwepo. Basi zinaweza kujua na fundi anafanya nini huko ndani akijifungia na kusema ana kazi. Nadhani analala.

Mjukuu wangu, najua ukija unaisoma shajara hii. Nilikusimamia kama nguzo saa mbili, na hata asante ulisahau. Niazime antena zako siku moja tu. Ukuta wake ni mwembamba.