Nyota ya Kwapani

Jumatatu, 7 Julai 2003 (Saba Saba)
Ninachoficha ni hiki: nyota nyekundu juu ya msalaba wa kanisa letu haiko mbinguni. Iko ndani ya kamera yangu. Daktari amesema moyo umechoka, nisibebe hata ndoo. Basi mzigo huu nautua hapa, pasipo na wa kunicheka.

Kamera ni ya dijitali, haitumii filamu. Kaniletea mpwa wangu, Bruda Otto wa monasteri ya Hanga, aliyeachiwa na mgeni Mjerumani. Jana giza lilipoingia niliiweka juu ya stuli mbele ya kanisa, nikaliacha jicho lake wazi muda mrefu. Kanisa likatoka vizuri, na nukta nyekundu angani. Nikapiga tena, nimesahau kutoa kifuniko. Giza tupu. Na nukta ile ile, pale pale!

Kitabu cha maelekezo ni cha Kijerumani, lakini seminari haikunipita bure. Kinasema kamera ikipata joto, na jicho likikaa wazi muda mrefu, chembe fulani ndani yake hujiwakia zenyewe na giza hujaa chengachenga. Dawa: iache ipoe. Au piga picha moja ya giza, kifuniko kikiwa kimefungwa, kisha kompyuta iyaondoe madoa hayo kwenye picha yako. Maelekezo mazuri sana. Sitayafuata.

Sababu ni kalenda ya parokia. Kila mwaka picha ya jalada hupigwa na Polikarp, mwenye studio pale Msamala, na jina lake huandikwa chini yake. Liko sebuleni kwa kila Mkatoliki wa mji huu! Mimi nimewafundisha nusu yao jiografia, na jina langu haliko popote. Nikifa kabla ya kalenda ijayo, nimekufa kimya.

Jumanne, 8 Julai
Nimeinamisha kamera kidogo. Nyota imekaa sawasawa juu ya msalaba. Nikampelekea Mama Walburga, mwenyekiti wa kamati ya kalenda. Akatazama kwenye kioo kidogo, akafanya ishara ya msalaba. Akauliza mbona yeye haioni kwa macho. Nikamjibu kwamba kamera huona zaidi ya macho, hasa ya mtu aliyekwisha vuka hamsini. Hilo la hamsini halikuhitajika.

Jumatano, 9 Julai
Kamati imekuja kushuhudia. Baridi ya Julai ikaniumbua. Kamera imepoa, nyota hakuna! Polikarp alikuwepo. Akaniambia, kwa sauti ya kufika sokoni, shikamoo Mwalimu, nyota imeteremka Mbamba Bay kula samaki? Watu wakashika mbavu. Shikamoo ya namna hiyo siihesabu.

Alhamisi, 10 Julai
Nimeiweka kamera kando ya jiko la mkaa. Binti yangu Kunegunda akauliza, baba, hiyo ni ya kukaanga au ya kuchemsha? Nikaizidishia muda kidogo, kwa usalama. Kosa. Nikaifunga kwenye kitenge, nikakimbilia kanisani. Mbio zangu, lakini. Nusura nifike kesho. Nukta nyekundu, buluu, kijani, mbingu nzima! Mama Walburga akasema kanisa limepata surua.

Jumamosi, 12 Julai
Nimegundua kipimo. Kwapani, chini ya koti. Nyota moja tu, safi. Akili bado ninayo.

Jumapili, 13 Julai
Kikao cha kamati ofisini kwa Paroko, jioni. Umeme ukakatika kama kawaida, pakawashwa mshumaa mmoja. Polikarp akaona mwanya wake. Akasema, jamani, Mwalimu atupige humu humu ndani, dari halina nyota, tuone. Mjanja! Nami kwapa lilikuwa limeshafanya kazi. Ningekataa wangesema naogopa. Nikaweka kamera juu ya kabati, nikawaambia wasipumue.

Nyota ikatoka. Katikati ya paji la uso la Polikarp.

Mama Walburga akapiga magoti. Polikarp akajishika paji. Nilikuwa na maneno machache tu ya kuwaokoa wote: ni joto la kamera. Yakafika kooni yakarudi. Kamati ikakubaliana papo hapo: jalada la kalenda ni Polikarp na nyota yake. Paroko alikohoa. Hakuna aliyemsikiliza.

Chini patachapwa jina langu. Nimepata nilichotaka, na uso wa Polikarp juu yake. Mwaka mzima!

Jumatatu, 21 Julai
Nilikuwa nimeamua kusema. Nimevaa hadi viatu. Mke wa Polikarp akatangulia kufika, na kuku mkononi. Akanishukuru huku analia. Tangu nyota ile, mumewe hajagusa pombe, na jana alikaa mezani na watoto. Nikavua viatu. Kuku alikuwa mzuri.

Ijumaa, 1 Agosti
Homa. Sitoki kitandani. Paroko ameniletea Komunyo, kama afanyavyo kwa wagonjwa kila Ijumaa ya kwanza. Nikaungama majivuno, uvivu, na nyama niliyokula Ijumaa Kuu zamani zile. Nyota nikairuka. Akaniuliza kama kuna lingine. Nikakohoa, kama alivyokohoa yeye.

Jumapili, 3 Agosti
Pumzi fupi. Nimemwambia Kunegunda kwamba picha ya kuweka mbele ya jeneza langu lazima ipigwe jioni, mwanga hafifu, na kamera ile ile. Ipo kwapani sasa hivi. Kwa mara ya kwanza homa inanifaa! Nimeshapima kichwa changu kikae wapi. Nikiwa na nyota pajini, nione nani atatazama kalenda.

Mpiga picha nimemwita Polikarp. Anakuja kesho. Kunegunda akashangaa: baba, kamera yako ina kitufe cha kujipiga mwenyewe, huyo wa nini? Nikamwambia anifungie dirisha.

Jibu naliandika hapa, maana kulitamka siwezi. Juu ya kitanda changu kuna jalada la kalenda ya 1996: mvua inakuja kutoka Mshangano, kanisa bado liko juani. Nikiulizwa hudai nimelibakiza ili lizibe ufa. Ukuta hauna ufa. Polikarp anapiga picha vizuri kuliko mimi.